Fungu halina bei mpaka lipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie suala la gharama za chakula hapa Dar es Salaam. Ushauri tunaopewa mara nyingi ni kwamba mnunuzi aandike bei na kulinganisha soko na soko kabla ya kutoa fedha yake. Ushauri huo ni mzuri, ila kwa jinsi tunavyouziana vyakula katika masoko yetu, anayeandika bei peke yake hajaandika kitu.

Chukulia nyanya za fungu. Fungu la shilingi 1,000 lililokuwa na nyanya tano mwezi uliopita leo lina nyanya nne, na muuzaji akiulizwa hujibu kwa uso mkunjufu, "Bei ni ile ile, dada." Hasemi uongo, lakini nyanya iliyokuwa shilingi 200 sasa ni shilingi 250, yaani imepanda kwa asilimia 25 bila mtu yeyote kutangaza, na hapo hatujagusa ukubwa wa nyanya zenyewe. Visado, yaani vindoo vidogo vya kupimia, navyo vina mambo yake: kisado cha vitunguu kilichojazwa mfuto na kile kilichojazwa mpaka kikachongoka juu huuzwa kwa jina moja, na vingine vimebonyezwa kitako kwa ustadi unaostahili kazi bora zaidi.

Ndiyo maana nyumbani kwangu tunatumia mizani ndogo ya kuning'iniza. Tunaandika tarehe, mahali, fedha iliyotoka na uzito, kisha tunagawa ili tupate bei ya kilo. Daftari hilo limetuonyesha kwamba chumvi na sukari hazitofautiani kiasi cha kumpandisha mtu daladala, hivyo tunazinunua dukani kwa Mangi hapa hapa mtaani, ilhali kwa vitunguu, maharage na mchele safari ya soko la Mabibo inalipa, mradi mtu anunue vya kutosha, maana nauli na ujira wa kubebewa mzigo navyo ni sehemu ya bei. Mafuta ya kula ya kupima ndiyo yanayotuumiza zaidi. Anayenunua ya shilingi 500 kila jioni huishia kutoa kwa kila lita fedha nyingi kuliko jirani yake aliyenunua lita nzima, lakini fedha ya lita nzima haipatikani kila siku. Baadhi ya kina mama mtaani kwetu huchangishana wakanunua ndoo ya lita 20 na kugawana, nami sijaona njia bora kuliko hiyo kwa wenye kipato cha siku kwa siku.

Hata hivyo, si haki mzigo huu wote aachiwe mnunuzi na mizani yake ya mkobani. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tunao Wakala wa Vipimo, ambao umekuwa ukipambana na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, ili mkulima asipunjwe. Huku mwisho wa safari, kwenye meza ya muuza nyanya, mlaji hana mtetezi. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika, serikali iliweza kutangaza bei kikomo na kila mnunuzi akajua kama anapunjwa, kwa kuwa sukari inauzwa kwa kilo. Sijui bei kikomo ya fungu ingetangazwa vipi.

Naziomba halmashauri za jiji na manispaa ziweke katika kila soko mizani ya uhakiki, mahali pa wazi, ambapo mnunuzi atapima alichouziwa bila malipo na bila kugombana na mtu. Kwako wewe, Mhariri, naomba gazeti lichapishe kila wiki bei za rejareja za vyakula vikuu katika masoko kama Mabibo, Buguruni, Ilala na Tandale. Bei za jumla za gunia la kilo 100 zinazotolewa na wizara zina kazi yake, lakini wengi wetu hatununui gunia. Bei hizo ziandikwe kwa kilo na kwa lita, na itajwe siku zilipochukuliwa, kwa sababu nyanya ya Jumatatu si lazima iwe na bei ya Jumamosi.

Msomaji wako,
Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam