Mto Bubu uwekewe mipaka kabla ya mvua

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Bahi. Msimu uliopita nilitumia siku nne kuzoa mchanga kwa sepetu na toroli kabla sijapata pa kupandikiza miche. Ulikuwa umejaa kwenye mfereji na kufunika majaruba mawili. Mchanga ule si wa Bahi, umeletwa na mto Bubu.

Maji ya Bubu hayafiki baharini. Yanateremka kutoka milima ya Kondoa kwa Warangi, yanapita Farkwa kwa Wasandawe, yanaishia mbugani huku kwetu Wagogo. Chochote kinachobomoka kule juu, tunakipokea sisi.

Wenzetu wa Kondoa wanalijua hili kuliko mimi. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Kuagana na ng'ombe wako wote si jambo dogo, na waliovumilia nawaheshimu sana, maana vilima viliota tena nyasi na miti. Septemba nilipokwenda msibani huko juu, nilikuta mabua ya mahindi yamesimama ukingoni kabisa, mizizi inaning'inia juu ya korongo. Niliumia.

Simlaumu aliyelima pale. Udongo wa ukingoni ndio unaobaki na unyevu, naye ana watoto kama wangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini pale sikuona jiwe wala bikoni ya kumwonyesha mtu zinaishia wapi.

Naomba wahusika wa maji na halmashauri zote za bonde hili wapime mipaka hiyo, waweke alama, na anayeondolewa ukingoni aonyeshwe kwanza pa kulima. Hili si la Bahi peke yetu. Serikali imekusudia kujenga bwawa la Farkwa kwenye mto huuhuu, maji yaende Dodoma mjini. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, limepungua kina kwa sababu ya tope. Tukiuacha Bubu hivi, Farkwa nalo litajaa mchanga.

Mvua zetu huanza Desemba. Kabla ya hapo, vijiji vya juu na vya chini vikutane mara moja tu. Nauli ya kwenda Kondoa tutajichangia wenyewe.

Mkulima wa mpunga,
Bahi, Dodoma