Mashine za sikukuu zikaguliwe baada ya kuunganishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonitia hofu kila sikukuu inapokaribia hapa Mwanza. Siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, viwanja vyetu hupokea bembea za umeme, viti vya kuzunguka na treni za watoto, ambazo nyingi huja zikiwa vipande juu ya malori, huunganishwa kwa haraka, huendeshwa siku chache, kisha hufunguliwa na kupelekwa mji mwingine. Mzazi analipa, mtoto anapanda, wala hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliyeitazama mashine hiyo mara ya mwisho na alikuta nini.

Mimi ni fundi mitambo, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye injini na vyuma vya boti. Chuma kinachobeba uzito unaobadilika kila mzunguko huchoka polepole: ufa mwembamba huanzia kwenye mshono wa kuchomelea au pembeni mwa tundu la bolti, hukua bila kelele, na siku kinapokatika watu husema kimekatika ghafla. Kutu nayo huweza kula bomba kwa ndani huku nje pakiwa pamepakwa rangi mpya inayong'aa. Ndivyo ilivyotokea katika maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 26 Julai 2017, ambapo kiti cha bembea kubwa iliyotengenezwa miaka 18 kabla kiling'oka kikiwa na watu, kijana mmoja akafariki na wengine saba wakajeruhiwa. Boriti iliyokishika ilikuwa imeliwa na kutu kwa ndani, na mashine hiyo ilikuwa imekaguliwa na kuruhusiwa siku hiyohiyo. Macho hayatoshi. Viko vifaa vya kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na iko dawa ya rangi inayopenya na kuonyesha ufa. Hivi si vitu vigeni kwa mafundi wa meli.

Jambo la pili naliona baya zaidi, kwa sababu kulitambua hakuhitaji kifaa chochote. Ni tabia ya kuwasha upya mashine iliyozimika bila kujua kwa nini imezimika. Katika bustani ya michezo ya Dreamworld nchini Australia, tarehe 25 Oktoba 2016, pampu ya maji ya mchezo wa maboya yanayobeba watu ilizimika mara mbili na mara zote mbili ikawashwa tena. Ilipozimika mara ya tatu maji yalishuka, boya moja likakwama, jingine likaligonga, na watu wanne wakafa. Uchunguzi ulibaini kwamba kwa miaka 30 mchezo huo haukuwahi kufanyiwa tathmini kamili ya kihandisi ya hatari zake. Sikukuu iliyopita, katika kiwanja kimoja hapa jijini, niliona bembea ikisimama watoto wakiwa juu. Kijana aliyeiendesha akaligonga boksi la swichi kwa kiganja, ikaendelea.

Simlaumu kijana yule, kwa kuwa hakuna aliyempa mamlaka ya kuifunga na kurudisha fedha za watu. Ajali ya bustani ya michezo ya Alton Towers, Uingereza, ya tarehe 2 Juni 2015, ilitokea baada ya mafundi kuupuuza mfumo wa kompyuta uliokuwa umesimamisha gari la pili lisiligonge lililokwama mbele, lakini mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni yenye bustani hiyo faini ya pauni milioni 5, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyowaacha mafundi hao wafanye kazi bila utaratibu salama. Nasi tuanzie hapo: mwenye mashine ndiye mwenye dhamana. Kibao kinachosema kwamba kila mtu anapanda kwa hiari yake hakimwondolei wajibu huo, maana mtoto wa miaka saba hawezi kukubali hatari asiyoijua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za kazi.

Napendekeza Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wasitoe kibali kwa karatasi zilizoletwa kutoka mkoa mwingine. Ukaguzi ufanyike mashine ikiwa imeshaunganishwa uwanjani, kila pini na bolti ikiwa mahali pake, na daftari la matengenezo likae pale pale langoni. Wapo watakaosema gharama itawafukuza wenye mashine. Watakaoondoka kwa sababu hiyo waondoke. Sisi wa ukanda huu tuliwazika jamaa zetu wa MV Nyerere, feri yenye uwezo wa kubeba watu 101 iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220. Kiwango kilikuwepo kwenye maandishi, ila hakuna aliyesimama langoni akakataa.

Naomba halmashauri hizo mbili zijibu kupitia gazeti hili, kabla ya vibali vya Desemba kutolewa: nani alizikagua mashine zilizoendeshwa sikukuu iliyopita, na vyeti vyake viko wapi?

Fundi mitambo,
Kirumba, Mwanza