Kaka, lile sikio ulilolivuta

Kaka,

Ni miezi minne sasa hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika hapa mbele za watu. Kwa hilo niwie radhi. Kwa kumpeleka mtoto hospitali bila kukuaga, hapana.

Jioni ile mwanao alikaa kizingitini akichora chini kwa kijiti, amekupa kisogo. Ulimwita mara tatu. Ukainuka, ukamvuta sikio mpaka akasimama kwa ncha za vidole. "Jeuri!" Ni sikio lile lile lenye kitundu kama cha sindano mbele yake. Hakulia. Alikukazia macho mdomoni, kama anavyotutazama sote.

Uvimbe wa shingoni tuliuita jipu. Ukapasuliwa mara mbili, ukarudi mara mbili. Daktari alimwambia atoe ulimi, kisha ameze mate. Uvimbe haukupanda, wala haukuwa katikati ya koo, kwa hiyo hakuishuku ile njia ambayo tezi ya shingo hushukia mtoto akiwa tumboni. Akapapasa ukingo wa mbele wa ule msuli mrefu wa shingo, akanionyesha, juu kidogo ya mtulinga, tundu linalotoa ute. Ni mfereji wa kuzaliwa nao: mikunjo ya shingo, ambayo hujifunga mtoto akiwa bado tumboni, kwake haikujifunga yote. Ukipasua usaha tu, mfereji unabaki ndani.

Kitundu cha sikio peke yake mara nyingi hakina neno. Lakini kitundu pamoja na mfereji wa shingo, hapo akaagiza kipimo cha usikivu, na ultrasaundi ya shingo na ya figo, maana kitundu, mfereji, uziwi na kasoro za figo huweza kuandamana, tena kwa kurithiana. Akauliza nani mwingine nyumbani ana kitundu kama hicho.

Nikamtaja baba, tuliyempigia kelele miaka yote tukisingizia uzee. Nikakutaja na wewe. Damu si kosa, kaka. Ila ningekungoja mpaka lini? Mimi mwenyewe nilimkanda lile "jipu" kwa maji ya moto miaka miwili, nikinyamaza ili nisikuvunjie heshima. Nani angenilaumu kwa kuchoka kunyamaza?

Mdogo wa mwanao naye ana kitundu hicho. Nilikiona nikimwogesha. Ikiwa ni ule ugonjwa wa kurithi, kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kipimo cha masikio hakiumi, mtoto mdogo huweza kupimwa hata amelala. Jumatatu nakuja kumchukua. Ukinifungia mlango, nitakaa pale pale kizingitini.