Kwa watangazaji chipukizi wa kandanda: niambieni mpira uko wapi

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Kengeleni, Mombasa. Mimi ni mzee wa redio. Televisheni nimewaachia wajukuu.

Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji mkongwe wa redio, alizaliwa huku kwetu, Freretown, mwaka 1940. Ni mtaa ulioanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na kengele iliyokuwa ikiwaonya wakati wa hatari ingali njia panda. Alipofariki Februari 2025 tulikaa barazani tukimwiga hadi adhana ya Isha. Kila mmoja alikuwa na Mambo wake.

Wangu ni wa mpira. Marehemu baba alikuwa akianika mawe ya redio juani tangu asubuhi, yapate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Uwanja wa Nairobi sijawahi kuutia machoni, lakini nilijua winga kashika upande gani, kampita nani, kona inapigwa kutoka wapi. Jumamosi iliyopita nilimsikiliza mmoja wenu, simtaji. Goli likaingia, akapiga ukelele hadi mbwa wa jirani akabweka, kisha likafuata tangazo la kubeti. Kafunga nani? Ilibidi nimuulize kijana wa bodaboda.

Halafu kuna kile kipindi cha Mambo, "Je, Huu ni Ungwana?", alichokianza mwaka 1966 na kukiendesha zaidi ya miaka hamsini. Jina lenyewe ni swali. Anakueleza tabia, mwenye tabia hamtaji, anakuachia mwenyewe. Mimi nilikuwa na mazoea ya kusoma gazeti la mwenzangu ndani ya basi, tena namhimiza afungue ukurasa wa michezo! Hakuna aliyenigombeza. Siku moja nimeinama begani kwa mtu, lile swali likanijia, kwa sauti ile ile ya Mambo. Nikageukia dirishani, sikurudisha shingo mpaka feri. Ninyi mnampigia mtu simu hewani, mnamtaja jina, mnamcheka mbele ya wanawe. Mnasikilizwa, sikatai. Lakini mkizima maikrofoni, aliyewasikiliza anabaki na nini?

Alfajiri ya 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga waliotaka kuipindua serikali walimtoa Mambo nyumbani kwake, wakampeleka Sauti ya Kenya, redio ya serikali, atangaze. Midomo walikuwa nayo. Walichokosa ni sauti ambayo mtu aliyejifunika shuka angeiamini. Likumbukeni hilo kila mnapoletewa karatasi ya kusoma.

Sasa mechi ya Jumapili. Fikeni uwanjani mapema, muwaulize makocha majina yanavyotamkwa, myaandike pamoja na namba za jezi. Mkipigwa na bumbuwazi, nyamazeni kidogo, niusikie uwanja. Mimi nitakuwa barazani na kahawa yangu, na pembeni yangu atakuwa jirani ambaye haoni, mwaka wa tatu huu. Yeye hana kijana wa bodaboda wa kumuuliza kila goli.

Mzee wenu wa Kengeleni