Barua kwa mdogo wangu wa Lindi kuhusu nywele zinazopungua

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Mtwara. Swali uliloniuliza kwenye simu nimelitafakari sana. Kwa kuwa najua kwamba wapo wanawake wengi wa rika lako, kuanzia Kilwa hadi Newala, wanaojiuliza jambo hilohilo na kulificha chini ya ushungi, nimeona nikujibu kwa barua ambayo na wao wataweza kuisoma. Jina lako sitalitaja.

Ulisema kwamba nywele zinabaki kwenye chanuo kuliko zamani, kwamba mahali unapozigawa katikati ya kichwa pamepanuka hadi ngozi inaonekana, kwamba zilizobaki zimekuwa nyembamba na kavu, na kwamba kidevuni zimeota nywele chache ngumu ambazo hukuwahi kuwa nazo. Ulisema pia kwamba jirani amekushauri umtafute mtu aliyeokota nywele zako kwa msusi. Hilo la kuokotwa nywele naomba uliweke kando, si kwa kumdharau jirani, bali kwa sababu una miaka 46, hedhi yako imeanza kuruka miezi, usiku unaamka umelowa jasho, na mambo hayo yote, pamoja na nywele, yana chanzo kinachofahamika.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa wamekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila damu. Hata hivyo, mwili hauufikii ukomo huo kwa siku moja. Miaka kadhaa kabla yake homoni za estrojeni na projesteroni hupanda na kushuka bila mpangilio, kisha hupungua. Estrojeni ni miongoni mwa vitu vinavyousaidia unywele kubaki muda mrefu katika hatua ya kukua, hatua ambayo kwa kawaida huchukua kati ya miaka miwili na sita. Inapopungua, unywele hukua kwa muda mfupi zaidi, na zile homoni za kiume ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo hupata nguvu kuliko awali. Katika vichwa vya baadhi yetu, hasa ambao mama na bibi zao walipungukiwa nywele, vinyweleo vya utosini husinyaa na kuanza kutoa nywele nyembamba, wakati vile vya kidevuni hufanya kinyume chake. Ngozi ya kichwa nayo hutoa mafuta kidogo, na nywele zetu za kipilipili, ambazo hata ujanani mafuta hayo hayafiki kwa urahisi kwenye ncha zake, hukauka na kukatika.

Inanisikitisha kwamba tumezaliwa katika mikoa yenye unyago, mahali ambapo binti anafundishwa kwa ngoma na nyimbo namna ya kuipokea hedhi yake ya kwanza, na makungwi hawamwachi mpaka ameelewa, lakini siku hedhi hiyo inapojiandaa kuondoka hakuna anayekaa naye chini. Mama yetu alipita katika kipindi hiki akiwa nasi nyumbani, na sikumbuki kumsikia akikitaja hata mara moja. Ndiyo maana wewe, mwanamke mwenye akili timamu na kazi yako, umefikia mahali pa kudhani umerogwa. Sikulaumu hata kidogo.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea. Kusema kwamba ni umri si sababu ya kuacha kuchunguza. Katika miaka hii hedhi huweza kuja nzito kupita kiasi, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba mwezi uliopita ulishindwa kutoka nyumbani siku mbili. Mwanamke anayepoteza damu nyingi namna hiyo hupungukiwa na madini ya chuma, na upungufu huo peke yake waweza kuzidondosha nywele hata kama homoni zingekuwa sawa. Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu, nayo ikifanya kazi kidogo au kupita kiasi huleta uchovu, mabadiliko ya hedhi na kunyonyoka kwa nywele, dalili zinazofanana mno na za kipindi hiki. Vilevile homa kali, upasuaji au msiba mzito huweza kuzifanya nywele nyingi ziingie kwenye mapumziko kwa pamoja, kisha zikadondoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau kilichotokea. Kudondoka huko mara nyingi hukoma kwenyewe. Kumbuka ulivyougua malaria baada ya Idi, na useme tarehe hizo utakapoulizwa.

Lipo jambo jingine ambalo ningependa msusi wako alitazame mchana, kwenye mwanga. Ikiwa utosini kunawasha, kunachoma au kunauma ukiguswa, na ngozi imeanza kuwa nyororo na kung'aa bila vitundu vya nywele kuonekana, hilo si la kusubiri. Uko ugonjwa wa kipara kinachoanzia utosini na kuacha makovu, unaowapata zaidi wanawake weusi, na pale kovu linapokwisha kujijenga nywele hazirudi tena. Ukiwahiwa, madaktari wa ngozi wanaweza kuuzuia usienee. Lakini ikiwa nywele zinapungua pembeni, juu ya masikio na kwenye paji la uso, basi hizo zinalalamikia mvuto wa kusukwa. Nywele iliyokwisha kuwa nyembamba kwa umri haiwezi kubeba rasta nzito ulizokuwa ukibeba ukiwa na miaka 25. Mwambie msusi asuke mabutu makubwa na yaliyolegea, asikaze hata kama wewe mwenyewe umezoea kusema kwamba msuko usiouma haudumu. Dawa ya kulainisha nywele iache kabisa kwa sasa.

Kuhusu ushungi, wala usifikiri kuwa unadhuru. Kinachodhuru ni kuufunga juu ya nywele mbichi katika joto letu hili la pwani, au kukaza kitambaa cha ndani mahali palepale kila siku. Tafuta cha pamba au kitambaa laini kisichosugua, na nywele zikauke kwanza.

Mafuta ya nazi endelea nayo, kwani huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, na hivyo nywele hazikatiki ovyo. Lakini hayaoteshi. Hali kadhalika yale mafuta ya kuchanganywa yanayouzwa kwenye chupa zisizo na maandishi kwa bei ya kilo kadhaa za korosho. Usiweke kichwani kitu ambacho muuzaji hawezi kukutajia kilichomo. Rangi nyeusi za kuficha mvi nazo nyingi zina kemikali inayoweza kuvimbisha ngozi na uso, kwa hiyo ijaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri siku mbili. Dawa yenye ushahidi ni minoksidili ya kupaka, ambayo ilianza kama dawa ya shinikizo la damu hadi ilipoonekana kwamba wagonjwa wanaota nywele, na Marekani iliiruhusu kwa wanawake mwaka 1991. Inahitaji miezi minne hadi sita kabla ya kuonyesha kitu, wiki za mwanzo huweza kuongeza kudondoka na kumkatisha mtu tamaa, na ukiiacha faida yake hupotea. Haifai kwa mjamzito, nawe ukumbuke kwamba mwanamke ambaye hedhi yake inaruka bado anaweza kushika mimba. Kwa hiyo usiinunue dukani kabla ya kuonana na daktari.

Chakula chetu kinatosha ukikipanga vizuri. Kula dagaa, samaki, kunde, mbaazi na kisamvu, na korosho usiziuze zote ukabaki unazisikia kwenye mnada tu. Chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama na samaki, lakini ndimu au embe kwenye mlo huo hukisaidia, na chai ya rangi uliyoizoea pamoja na chakula hukizuia. Iahirishe saa moja au mbili.

Zile nywele za kidevuni zing'oe kwa kibano au uzikate, hazitaongezeka kwa sababu hiyo. Kama zingeota nyingi kwa ghafla huku sauti ikinenepa, ningekutaka uende hospitali siku ileile.

Ninachokuomba ni hiki. Usisubiri msimu wa korosho uanze, kwa kuwa nakujua, ukishaingia shambani hutatoka mpaka Januari. Nenda Hospitali ya Sokoine hapo Lindi, au njoo kwangu Mtwara, ni kilomita kama mia moja tu, nikupeleke Ligula au kwenye hospitali ya kanda kule Mitengo. Omba wapime wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na homoni za tezi ya shingo, na waeleze kuhusu hedhi nzito hata kama daktari ni kijana wa kiume. Vile vidonge vya bayotini ulivyonunua kwa ajili ya nywele vinaweza kupotosha majibu ya vipimo vya tezi, kwa hiyo viache siku chache kabla ya kwenda na umwambie daktari kwamba ulikuwa unavitumia. Siku hiyo usisuke, njoo na nywele zimefumuliwa ili ngozi ionekane, na unitumie ujumbe ukishaamua tarehe, nami nitaomba ruhusa kazini.

Dada yako