Naomba mafuvu ya vinyonga

Zuhura shoga yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mama anakusalimu, Rehema kajifungua wa kiume (ndiyo, kwa yule yule). Najua nimekaa kimya mno, na naandika kwa kuwa nina shida. Nataka mafuvu ya vinyonga.

Usicheke kwanza. Kwenye ule mchanga wetu wa Lindi, tunaotafutia mifupa ya kale, kumetoka kipande cha taya, hakizidi punje ya mchele, kina vijino vya pembetatu. Kwenye hadubini naona havikuota ubavuni mwa taya kwa ndani kama vya mjusi kafiri. Vimekaa juu kabisa ya ukingo, vimegandana na mfupa hata hujui jino linaishia wapi. Vya mbele vimesagika, vya nyuma bado vikali, maana meno ya namna hii hayabadilishwi. Mnyama akikua anaongezewa mapya nyuma tu.

Sasa meno hayo kinyonga anayo, agama (jamii ya wale mijusi wa kichwa cha buluu) anayo, na tuatara wa Nyuzilandi anayo, ambaye si mjusi ingawa sura ni hiyo hiyo. Zama za dinosaria ndugu zake tuatara walijaa, hata Afrika hii walikuwepo. Kipande kitupu, hakina fuvu wala uti wa mgongo, utakiita nani? Mkubwa wetu anataka niandike "mjusi, Jurasi", yaani wa zama hizo za dinosaria, tukalale. Nimegoma, na tangu hapo hatusalimiani vizuri.

Kinachonitia hofu ni yale ya Tikiguania. Nilikusimulia? Mwaka 2006 Datta na Ray walitangaza taya la chini kutoka tabaka za Tiki, India, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200, wakasema huyu ndiye mjusi mkongwe kuliko wote. Taya moja! Wanaokadiria kwa vinasaba jamii za mijusi ziliachana lini wakalifanya ndiyo kipimo. Mwaka 2012 Hutchinson, Skinner na Lee wakalilinganisha na mataya ya agama wa Asia walio hai leo, wasione tofauti. Miaka yote hiyo, jino lisigeuke hata kidogo? Wakasema yaelekea ni la mjusi wa zama za karibuni, lililojichanganya na udongo wa kale.

Na India hiyo hiyo yuko Bharatagama wa Jurasi, naye mataya matupu, watu wanavutana kama ni mjusi au ndugu wa tuatara. Megachirella, mnyama mwingine wa kale wa Italia, angalau ana fuvu na sehemu ya mwili, ndiyo maana waliomchunguza kwa eksirei na kumtangaza 2018 kuwa ni wa ukoo wa mijusi walikuwa na cha kushika.

Mimi nina punje. Tena mchanga wenyewe tuliuzoa juu juu, magunia yakalala nje, na wale mijusi wa kichwa cha buluu wakawa wanaota jua juu yake kutwa. Unaona ninapoelekea? Nikilinganisha na mataya ya leo, la agama na la kinyonga, walau nitajua la kukataa. Hapa kabati lina fuvu moja, halina hata jina, meno nusu yamevunjika.

Kwa hiyo nitafutie waliokwisha kufa, usiniulie mtu. Nyama waachie siafu, usichemshe. Kila kimoja kifungie karatasi: kimeokotwa wapi, kilikuwa na pembe au la. Taya la chini usilitupe, ndilo ninalolitaka.

Paka wa Mama Salome bado anawinda vinyonga, au kazeeka? Basi la Lushoto linapokea vifurushi vidogo siku hizi? Nikutumie nauli kwanza? Na yule mwalimu wa hisabati ulimjibu nini hatimaye? Mbona simu hupokei?

Wako,
Mwanaidi