Kwa makarani vijana wa forodha, Mombasa

Wanangu,

Wiki jana nilimkuta mmoja wenu kaunta. Afisa alimuuliza swali moja tu: kwa nini shehena hii umeiweka kwenye fungu hili la ushuru? Barua ya maelezo ni yake, ina saini yake, ya juzi tu. Akapapasa simu, maana barua aliandikiwa na akili unde (AI), programu ya kompyuta inayojibu na kuandika ukiiuliza. Mtandao ukagoma. Akabaki amesimama kama mtu aliyetwikwa mzigo wa mwenziwe.

Sikumcheka, maana na mimi yamenifika. Akili unde iliniandikia barua ya kamati ya msikiti, nzuri kwelikweli, na jioni barazani Kibokoni wazee waliponiuliza tumeomba nini hasa, nikaanza kumumunya maneno.

Zamani pale Kilindini nambari ya kontena niliibeba kichwani kutoka gatini hadi ofisini: herufi nne, tarakimu sita, na ile moja ya mwisho ya kuhakiki. Si kipaji. Nilikuwa naitaja kwa sauti njia nzima, na nikiisahau narudi juani. Jua la Machi mnalijua.

Mwaka 2011 mtafiti Betsy Sparrow na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wakijua jambo limehifadhiwa kwenye kompyuta, hulisahau lenyewe wakakumbuka folda lilimowekwa. Hilo silioni baya. Sisi nasi tulikuwa na majalada, na kila jalada nilijua liko kabati gani. Lakini hiki chombo cha akili unde mnachoongea nacho hakina kabati. Ukikiuliza kinatunga jawabu upya, na la leo huenda lisifanane na la jana. Kichwa kimeachia jambo, na pa kulifuata hapana.

Sisemi mukiache, mimi mwenyewe sikiachi, macho yamechoka. Ila anzeni na karatasi. Andika unavyodhani wewe, hata ukikosea, ndipo uulize. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwajaribu wanafunzi: walipopimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliotia fora, lakini baada ya wiki waliojilazimisha kukumbuka bila kitabu wakawapita. Hizo dakika tano ndizo zinazowahadaa.

Kesho baada ya alasiri nipo barazani. Njoo na faili moja unieleze, simu mfukoni. Kahawa juu yangu, kashata mtajinunulia.

Babu yenu wa Kibokoni